Shell Niliyomfungia Mama Mkwe

Mimi ni fundi wa kompyuta, na kwa miaka mingi nilijiona fundi mzuri. Naishi Musoma, na riziki yangu inatokana na mashine zilizochoka. Ofisi ikinunua mpya, za zamani naletewa mimi. Nazipangusa vumbi, nazibadilishia vipuri, naziwekea mfumo wa Linux, kisha nazipeleka kwenye sehemu ndogondogo ambazo mashine mpya haziwezi kufika. Bunda nina wateja, Butiama nina wateja, hata Kibara niliwahi kupeleka mbili kwa watu wa mwalo, pale samaki wanaposhushwa. Linux nilijifunza mwenyewe bila mwalimu, na mtu aliyejifunza mwenyewe ana ugonjwa wake: hapendi kuulizwa kama ana uhakika.

Mashine moja niliipeleka kwenye zahanati ya kanisa kule Butiama. Karani wa mapokezi pale alikuwa mama mzazi wa mke wangu. Kazi hiyo aliianza wakati mke wangu bado yuko shule ya msingi; mama aliandika majina ya wagonjwa kwenye madaftari makubwa kwa mwandiko ambao madaktari wote waliupenda. Kamati ya zahanati ilipoamua kuachana na madaftari, baadhi ya wajumbe walinong'ona kwamba sasa ni wakati wa kutafuta mtu mwenye umri wa kompyuta. Mama mkwe alisikia minong'ono hiyo. Alituma neno kwangu kwamba atajifunza, na kwamba hataki kuachishwa kazi kwa sababu ya kibodi.

Nasema alituma neno kwa sababu mimi na yeye hatuongei uso kwa uso. Wapo wa rika langu mjini walioacha mambo haya, wanakula meza moja na mama mkwe na kutaniana naye. Sisi hatukuacha. Simpi mkono. Nikiingia mlango huu, yeye hutokea mlango ule. Nikiwa na jambo, namwambia mke wangu au mtu mwingine aliyepo, naye analifikisha, hata kama mwenyewe amesimama hatua nne na amesikia kila kitu. Ni heshima, na sisi wote wawili tuliipenda kwa sababu ilituepusha na mengi.

Kwa hiyo nilimfundisha kupitia kwa nesi wa palepale zahanati. Asubuhi nilimwonyesha nesi, mchana nesi alimwonyesha mama, nami nilikaa nje barazani nikisubiri maswali yaletwe. Baada ya wiki tatu alikuwa anasajili wagonjwa kwa kasi iliyonishangaza. Wajumbe waliokuwa wakinong'ona wakanyamaza. Nilirudi Musoma kichwa juu.

Kisha siku moja nesi akanipigia simu. Mama alikuwa amebonyeza vitufe vitatu kwa pamoja bila kujua, madirisha yote yakapotea, ukabaki ukurasa mweusi wenye maandishi meupe. Alidhani ameua mashine. Alikaa mbele yake saa nzima bila kuigusa, wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi. Nilimwambia nesi abonyeze nini, picha zikarudi. Lakini kabla ya kukata simu nesi akasema, "Fundi, mama anaomba asikutanishwe tena na lile giza. Anasema limemwaibisha mbele ya watu."

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya, na nilikifanya kwa mapenzi. Kila mtumiaji wa Linux ana kitu kinaitwa shell. Ndiyo inayokupokea kwenye ule ukurasa mweusi, inasikiliza amri unazoandika na kuzipeleka ndani. Ipo shell moja isiyosikiliza chochote. Kazi yake ni kusema kwamba akaunti hii haipokei mtu, kisha inakufungia mlango. Nikiwa mezani kwangu Musoma niliingia kwenye mashine ya Butiama kwa njia ya mtandao, nikamvua mama mkwe shell yake ya kawaida, nikamvika hiyo. Nilijiambia: yeye anatumia picha na kipanya, shell ya nini? Hata akibonyeza tena vile vitufe vitatu, giza halitamkaribisha ndani. Ilikuwa amri ya mstari mmoja. Nikajisikia mkwe mwema kuliko wakwe wote wa mkoa wa Mara.

Hakuna kilichotokea. Mashine ile ilikuwa haizimwi, ina betri yake pembeni, na mama alikuwa ameshaingia ndani kabla sijabadilisha. Aliyekwisha kuingia haulizwi tena. Zikapita kama siku kumi, mpaka umeme ulipokatika Butiama tangu alfajiri hadi jioni na betri ikaishiwa. Kesho yake aliwasha mashine, akaandika nywila yake, ikamkataa.

"Fundi, mama anasema inamkatalia," nesi akaniambia kwenye simu.

"Inamwandikia nini?"

"Kwamba paswedi siyo."

"Mwambie aangalie isije ikawa herufi kubwa."

"Ameshaangalia."

"Basi mwambie aandike polepole."

Nikamsikia nesi anageuka kufikisha maneno yangu, na sauti ya chini ikimjibu. "Anasema anaandikaga polepole siku zote," nesi akasema.

Nilimbadilishia nywila kutoka Musoma. Ikamkataa. Nikajaribu kuingia kwa akaunti yangu mwenyewe, nikaingia bila tatizo. Nikahitimisha kwamba mashine ni nzima. Ile shell niliyombadilishia wala haikunijia akilini. Niliihesabu kuwa kitu cha ukurasa mweusi, haina uhusiano na desktop ya picha, na tena zilikuwa zimepita siku kumi salama. Akilini mwangu nililifunga jambo lile kama nilivyoifunga akaunti.

Nikaenda Butiama. Nilipoingia mapokezi, mama alitokea mlango wa nyuma kama kawaida yetu, ameacha kanga yake juu ya kiti. Sikukalia kiti kile, nilivuta kingine. Nikatunga nywila mpya, rahisi, nikaiandika kwenye karatasi, nikaikunja na kuiacha chini ya kibodi. Fundi yeyote mwenye akili angejaribu palepale kuingia kwa jina lake aone. Sikujaribu. Kuingia kwa jina la mama mkwe niliona ni sawa na kupekua mkoba wake. Na angekuwa mteja mwingine yeyote, ningemwambia akae, aandike, nimtazame vidole. Kwake hilo halikuwezekana. Nimejitetea sana kwa desturi, na desturi kweli ilikuwepo. Lakini ningeweza kumwomba nesi aandike mbele yangu, kazi ya dakika moja. Sikumwomba kwa sababu nilikuwa na uhakika. Niliondoka kabla mama hajarudi kwenye kiti chake.

Ikamkataa tena. Wagonjwa wakaanza kuandikwa kwenye karatasi, karatasi zikapotea, na kamati ikaitwa. Nami nikaitwa nije kutoa maelezo. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya upole, aliniuliza mbele ya wajumbe wote, "Fundi, tuambie ukweli. Tatizo ni mashine au ni mtu?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kuomba wiki moja. Lakini walikuwa wananitazama, na mashine ile nilikuwa nimeileta mimi na kuisifia mimi. Nikajiona jina langu linaharibika Butiama yote.

"Mashine ni nzima," nikasema.

"Kwa hiyo ni mtu."

"Mama amezeeka," nikasema. "Kichwa hakishiki tena."

Mjumbe mmoja akacheka kidogo, kisha akakumbuka ni mkwe wangu, akajikohoza. Mwenyekiti akanishukuru kwa kuwa mkweli bila kujali undugu. Hilo la kushukuriwa nikilikumbuka natamani ardhi inimeze.

Wakamleta binti aliyemaliza chuo. Nilimfungulia akaunti yake mpya, yenye shell ya kawaida, akaingia mara ya kwanza tu. Wajumbe wakanitazama kwa heshima, maana ilikuwa imethibitika. Mama mkwe hawakumfukuza. Walimweka barazani agawe namba za foleni, vipande vya kadibodi, kazi ambayo hata mgonjwa mwenyewe angeweza kujifanyia.

Miezi ikapita. Nyumbani mke wangu aliniuliza mara moja, akichambua dagaa, "Mama ana nini siku hizi? Ameacha kusoma somo kanisani. Anasema wasome wengine."

"Umri," nikamjibu, na nikaendelea kutazama simu yangu.

Wakati huo ile shell ya kufunga nilishaiona ubunifu wangu, nikitafuta mteja wa pili wa kumvika. Nikampata Bunda. Ni mama mmoja mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi, mwanamke wa maneno mengi na utani mwingi, anayelalamika kwamba wasaidizi wake wanachezea mashine. Nilimwambia dawa ninayo. Nilibadilisha shell ya akaunti ya dukani, nikaagiza azime na kuwasha ili tuone kazi safi. Akawasha, akaandika nywila, ikamkataa.

"Umekosea herufi," nikamwambia nikiwa bado nimesimama, nakunja waya zangu.

"Nimekosea?" Alivuta stuli kwa mguu akaigonga mbele yangu. "Kaa hapa. Paswedi hii naiandikaga kila siku tangu uniletee. We angalia vidole vyangu, usiangalie kingine."

Nikakaa. Akaandika herufi moja moja, akiitaja kila moja kwa sauti bila kujali wateja wanasikia. Kila moja ilikuwa sahihi. Akabonyeza. Mashine ikasema nywila siyo.

"Haya sema," akasema. "Vidole vyangu vina kosa gani?"

Niliingia kwa akaunti yangu nikafungua daftari la mfumo, pale mashine inapoandika yenyewe kila kilichotokea, kitu ambacho Butiama sikukifungua hata mara moja. Mstari ulikuwa pale, mfupi: mtumiaji huyu ana shell isiyokubalika. Nikaelewa taratibu. Ukurasa wa kuingilia kwenye desktop hauulizi nywila peke yake. Unauliza maswali kadhaa kwa pamoja, na mojawapo ni kama shell ya mtu huyu imo kwenye orodha ya shell zinazokubalika. Ukishindwa swali lolote kati ya hayo unapewa jibu lilelile, kwamba umekosea, na haukuambii umekosea wapi. Unaweza kuandika nywila sahihi mwaka mzima, mashine ikakuita mkosaji kila asubuhi.

Nilirudisha shell ya kawaida. Akaandika, akaingia.

"Kumbe ni wewe," yule mama akasema.

"Ni mimi."

Akacheka mpaka akajifuta machozi, akanipa soda nipoe. Sikuweza kuinywa. Niliiacha juu ya mashine ya kopi imefunguliwa, nikaaga.

Kutoka Bunda kurudi Musoma unapita Kiabakari, halafu unafika Makutano, na pale ndipo njia ya Butiama inapochepuka. Gari lilisimama kushusha watu. Nilikuwa na muda, ilikuwa saa nane mchana. Sikushuka. Nilijiambia lazima kwanza nihakikishe.

Nyumbani niliingia kwenye mashine ya zahanati kwa mtandao. Akaunti yake ilikuwepo bado, hakuna aliyekumbuka kuifuta. Nikasoma mstari wa akaunti hiyo, na mwisho wake palikuwa na ile shell yangu ya kufunga. Nikairekebisha. Na hapa niseme lile ambalo sijamwambia mtu: nilipoirekebisha, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni nafuu, kwamba sasa hata akija fundi mwingine hatakuta kosa. Nilikuwa nimefuta alama zangu kama mwizi wa kuku. Nikanyamaza wiki tatu. Nilikula, nilifanya kazi, niliimba kwaya.

Kilichonitoa ni mke wangu. Alimaliza kuzungumza na mama yake kwenye simu, akakaa kitandani kwa uzito. "Mama anataka kuja hapa Musoma hospitali," akasema. "Anataka apimwe kichwa. Anasema anasahau."

"Anasahau nini?"

"Nimemuuliza. Anasema hajui anachosahau, ila anasahau. Bibi naye alianza hivyohivyo, mpaka akawa hatujui sisi."

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya shell, ya giza, ya Bunda, ya wiki tatu. Ya kikao nilimwambia nusu: kwamba niliulizwa kama mashine ni nzima, nikasema ni nzima. Alinisikiliza bila kunikatisha. Mwishoni hakulia wala hakunigombeza, na ningefurahi angenigombeza.

"Jumamosi tunaenda," akasema. "Utamwambia mwenyewe."

"Nitamwambiaje? Unajua siongei naye."

"Utaniambia mimi. Yeye atasikia."

Kabla ya Jumamosi nilimpigia mwenyekiti wa kamati, nikamweleza kwamba kosa lilikuwa la kwangu, si la mama. Kwa upole wake uleule akasema yule binti wa chuo anafanya kazi vizuri, watu wameshazoea, na yaliyopita tuyaache yapite. Nilimwomba angalau awaambie wajumbe. Akasema ataangalia itakavyokuwa. Kwa hiyo nilikwenda Butiama bila kazi ya kumrudishia.

Tulifika saa nne asubuhi. Nilikalishwa sebuleni, mke wangu kwenye kochi la pembeni. Mama alikuwa chumba cha ndani, na katikati yetu palikuwa na pazia la mlango, kitambaa chepesi cha maua ambacho upepo ulikuwa unakivuta na kukirudisha. Kwa chini niliona ndala zake. Nilianza kueleza nikimtazama mke wangu. Nilieleza sana. Nilieleza shell ni nini, orodha ni nini, betri iliisha lini, kana kwamba mambo yakiwa mengi mimi nitakuwa mdogo zaidi. Mke wangu alichukua yote hayo akayafupisha: "Mama, anasema kosa lilikuwa lake. Alifunga akaunti yako bila kujua."

Pazia likatulia. "Muulize," mama akasema, "paswedi yangu ilikuwa sawa?"

"Mwambie ilikuwa sawa."

"Siku zote?"

"Siku zote. Mwambie hakukosea hata mara moja."

Nilisikia anashusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyetua ndoo. Nikadhani limekwisha. Nilianza hata kuhisi wepesi, nikaegemea kiti.

"Muulize kama amemaliza."

"Nimemaliza," nikamwambia mke wangu.

"Mwambie hajamaliza," mama akasema. "Siku ile ya kikao nilikuwaga pale nje, kwenye benchi la dirishani. Walinambia nisubiri karibu, labda wataniita. Hawakuniita. Aseme na lile."

Mke wangu akanigeukia. "Lipi?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe nilitamani desturi yetu isingekuwepo, nimwendee yule mama mwenyewe, nipige magoti nimwambie yeye peke yake. Lakini hapakuwa na njia ya kufika kwake isipokuwa kupitia kwa binti yake. Nikamwambia mke wangu yale maneno, kwa sauti ya chini, kama nilivyoyasema kwenye kamati, bila kupunguza.

Akageuka kuelekea pazia, maana ilikuwa zamu yake ya kufikisha.

"Anasema," mke wangu akaanza, akakwama, akaanza tena. "Mama, anasema aliwaambia kwamba mama amezeeka. Kwamba kichwa hakishiki tena."

"Ndiyo," mama akajibu kutoka ndani. "Ndivyo alivyosema."

Kisha akamwambia binti yake anipe maji ya kunawa, kwa sababu chakula kilikuwa tayari.